Neva Haifufuki Jumapili

Mizani, mashine iliyowapimia madaktari wa zahanati wagonjwa wao, ilikuwa imeshatoa hukumu kabla mgonjwa hajakaa kitini. Maneno yalitokea kwenye kioo cha meza, makubwa, bila salamu: NEVA ZA KIBOFU ZIMEKUFA. UPASUAJI ALHAMISI. Chini yake palikuwa na duara tupu lililongoja kidole gumba cha Daktari Tumwitike. Liliwaka na kuzima, likawaka na kuzima, mfano wa mtu anayekugongea mlango huku unavaa.

Tumwitike hakuweka kidole. Aliisukuma meza kidogo kwa goti, akamtazama binti aliyekaa mbele yake.

Lugano alikuwa amejikunyata ndani ya kitenge, macho mekundu kwa homa. Mkono wake wa kulia bado ulikuwa na glovu ya waya, ile ambayo wachumaji chai wa siku hizi huvaa nyumbani kwao ili mashine zilizoko mashambani zichume kwa vidole vyao. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, yaani alikuwa ametoka chumbani kwake. Mara kwa mara vidole vilimchezacheza vyenyewe, na huko kwenye miteremko ya Kiejo Mpya bila shaka kuna mashine ilikuwa inachuma hewa.

"Vua hiyo glovu, mdogo wangu. Chai haitakimbia."

"Samahani, Daktari." Akavua. "Ni yule yule?"

"Ni yule yule. Bakteria wale wale wa mara tatu zilizopita."

Lugano akainamisha kichwa. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomkera Tumwitike. Mgonjwa asiyeshangaa ameshakata tamaa, au anajua jambo.

Wazee wa udaktari husimulia kwamba zamani mtu akisikia mkojo unamchoma alipita duka la dawa, akapewa vidonge, akameza nusu, nusu akaviweka kabatini kwa ajili ya siku nyingine. Vijidudu navyo vilikuwa vinasoma. Vilipohitimu, hakukuwa tena na kidonge cha kuviweza. Ndipo wakaja wawindaji: virusi wanaokula bakteria, waliofugwa maabara na kufundishwa kumla bakteria wa mgonjwa mmoja tu. Ukimwagiwa wawindaji wako kibofuni, ukanywa maji, ukakojoa vizuri, kazi inakwisha. Humo humo huachwa punje, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, inayoelea na kuiambia Mizani kila saa kibofu kimejaa kiasi gani na kuna nini ndani.

Wawindaji wa Lugano walikuwa wazuri. Tumwitike aliwalea mwenyewe. Mara tatu walisafisha, na mara tatu ugonjwa ukarudi. Alikwisha kupiga picha za figo na kutafuta mawe, hakuna. Alipima sukari, hakuna. Alichungulia njia nzima ya mkojo, iko sawa. Lakini punje ilileta habari moja tu, siku nenda rudi: kibofu kinajaa asubuhi, kinabaki kimejaa mchana kutwa, kinaachia jua likishazama. Mkojo uliotuama humo ulikuwa unazalisha bakteria kuliko wawindaji walivyoweza kula, na sasa figo ya kushoto ilikuwa imeanza kuota kovu.

Mizani ikajumlisha, ikagawanya, ikasema neva zimekufa. Na neva zikifa dawa yake ni vali: zinakatwa, chombo kinawekwa, na kuanzia hapo kibofu kinafunguka kwa saa iliyopangwa, utake usitake, uko msibani au kitandani na mumeo, mpaka siku unazikwa. Neva zikishakatwa haziungwi.

"Maji unakunywa?"

"Nakunywa."

"Lugano."

"Nakunywa jioni, Daktari."

"Na mchana ukisikia haja?"

"Kazi tu. Mashine haziachiki." Alisema haraka mno, kwa sauti ya mtu aliyejiambia maneno hayo mara nyingi.

Tumwitike akarudi kwenye kioo. Hakutaka wastani, wastani ndio uji ambao Mizani inapenda kuwalisha madaktari, laini, hauna mfupa. Aliikunjua michoro siku moja moja. Jumatatu imejaa. Jumanne imejaa. Akashuka, akashuka, akasimama. Kila baada ya siku sita kulikuwa na siku moja ambayo kibofu hiki kilifanya kazi kama cha mtoto wa shule: kikajaa, kikaachia, kikajaa, kikaachia. Pembeni Mizani ilikuwa imeandika: siku ya hitilafu, imeondolewa kwenye hesabu.

"Jumapili hufanyi kazi?"

"Nafanya. Chai haina Sabato."

"Basi si kazi." Tumwitike akainua macho. "Mdogo wangu, neva iliyokufa haifufuki Jumapili. Jumapili nyumbani kwenu kuna nini?"

Machozi yakamtoka Lugano, bila kwikwi.

"Jumapili baba mkwe anashinda kanisani."

Mengine yalikuja vipande vipande. Alikuwa ameolewa kwenye nyumba iliyoshika mila ya kumkwepa mkwe, ile ambayo wahenga waliifuata na ambayo wazee wa Kiejo Mpya waliirudisha kwa nguvu zote mji ulipojengwa upya, wakisema mashine zimeondoa mengi lakini adabu haziondoi. Mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Hapiti mbele yake. Akimsikia anakuja, anarudi ndani. Yote hayo Lugano aliyakubali kwa moyo mmoja, na nyumba ilikwenda vizuri. Kisha mvua zilipoanza, baba mkwe akahamisha kiti chake kutoka sebuleni akakiweka ukumbini, ubavuni mwa mlango wa choo. Anakaa hapo tangu mumewe Lugano anapokwenda kazini kwenye visima vya mvuke wa ardhini mpaka anaporudi. Na mlango wa chumba cha Lugano unafungukia ukumbi huo huo.

"Ndoo?"

"Nikaimwage wapi, Daktari? Nipite nayo mbele yake?"

"Mumeo anajua?"

"Nilimwambia. Akasema, nikamwambie baba yangu ahame kwenye kiti chake kwa sababu ya choo? Tukaishia hapo."

Tumwitike aliunyoosha mkono kwenye kioo. Lugano akaudaka, na kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Usiandike, Daktari! Nakuomba. Ukiandika ni nyumba, watamchukua."

Ni kweli wangemchukua. Sheria ya kero ya nyumba ilikuwa fupi na haina masikio: ugonjwa ukithibitika kusababishwa na mtu aliye nyumbani, mtu huyo anahamishwa. Jirani wa akina Lugano alihamishiwa Makao ya Wazee kule bondeni kwa kosa la kupikia kuni wakati mjukuu ana pumu. Hakuimaliza masika, alifia huko.

"Afadhali wanikate," Lugano alisema. "Nitakaaje na watu? Mwanamke aliyemfukuza baba mkwe kwa ajili ya mkojo?"

*

Tumwitike hakulala vizuri, na asubuhi ya Jumatano alikuwa anazunguka ofisini mwake akiwa na kikombe cha chai alichosahau kukinywa.

"Sababu ya ugonjwa?" Mizani iliuliza. Ilikuwa na sauti ya mtu mpole aliyelipwa kuwa mpole. "Nimeona umefungua michoro mara nyingi. Chagua: neva, vijidudu, au nyumba."

"Mgonjwa huyu neva zake ni nzima."

"Basi vijidudu, au nyumba."

"Nikichagua vijidudu?"

"Wawindaji wamefanya kazi mara tatu. Vijidudu si sababu. Jibu litarudi kwenye neva."

Alijua. Aliuliza ili asikie uchungu wenyewe. Akiandika nyumba, anasema kweli, na mzee asiye na habari anapakiwa kwenye gari na blanketi lake. Akiandika neva, anasema uongo, na binti mwenye kibofu kizima anakatwa kwa ajili ya kiti. Akikaa kimya hadi jua lizame, duara litajijaza lenyewe, na uongo utakuwa umesemwa kwa niaba yake. Aliwachukia wote kwa zamu: Mizani, mume, mzee, hata Lugano mwenyewe na adabu yake ya kujiua. Halafu akajichukia yeye, maana yeye ndiye aliyekuwa na kidole.

Kulikuwa na jibu la nne, chini kabisa, kwa maandishi madogo: sijui. Upasuaji ungesimama. Lakini daktari anayeandika sijui hunyang'anywa kidole chake, yaani haki ya kutia sahihi, mpaka baraza limchunguze, na baraza halina haraka. Mwenzake aliyewahi kuliandika sasa alikuwa stoo anahesabu bandeji.

"Kisomaji cha mkojo cha choo cha nyumba ile kinasema nini?" aliuliza ghafla.

"Hakijatuma usomaji tangu mvua zianze. Nimeandika: mtandao hafifu."

Tumwitike akasimama. Tangu mvua zianze. Kiti nacho kilihama mvua zilipoanza. Akachukua koti.

*

Nyumba ya Mzee Mwandemele, baba mkwe wa Lugano, ilikuwa juu ya barabara ya mabomba, imezungukwa na migomba, na mvuke wa visima ulipita nyuma yake ukinuka mayai yaliyooza kidogo. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa pale pale alipotajwa: ukumbini, kwenye kiti cha mbao chenye mto, koti kubwa limemfunika magoti, mlango wa choo kwenye bega lake la kulia. Hatua chache mbele kulikuwa na mlango mwingine uliofungwa. Nyuma yake ilisikika sauti ndogo ya glovu ya waya ikifanya kazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni wa wapi?"

"Natoka zahanati. Nimekuja kuona choo chenu. Hakitumi habari."

"Aa, mtandao," mzee alisema. "Siku hizi mtandao ni shida."

Alimkaribisha kigoda. Alikuwa mtu wa maneno. Alisimulia alivyokuwa msimamizi wa visima vya mvuke kabla ya kustaafu, jinsi kisima namba mbili kilivyotaka kuwala watu, jinsi vijana wa leo wanavyofungua vali kwa kupapasa vioo bila kuisikiliza. Katikati ya hadithi akanyanyuka, akasema samahani, akaingia chooni.

Tumwitike alikaa kigodani akasikiliza. Si adabu, lakini ndiyo kazi aliyosomea. Kwanza hakuna kitu. Halafu tone. Kimya. Matone mawili. Pumzi ya mtu anayejikaza. Tone. Mzee alirudi, akakaa, akaendelea na kisima namba mbili, na kabla kisima hakijapoa alikuwa amenyanyuka tena.

Alipotoka safari hiyo, Tumwitike alikuwa amesimama mlangoni. Kwenye ukuta wa choo, waya wa kisomaji ulikuwa umechomolewa na ncha yake kuzungushiwa tepu nyeusi, kazi safi, ya mtu aliyefunga nyaya maisha yake yote.

Mzee akautazama waya. Akamtazama daktari.

"Umekuja kukagua choo, mwanangu, au umekuja kunikagua mimi?"

"Tangu lini, Mzee?"

Alikaa polepole. Glovu nyuma ya mlango ilikuwa imenyamaza.

"Muda," alisema. Akashusha sauti, ingawa nyumba ile ilikuwa ndogo na kuta zake nyembamba. "Nikiwa sebuleni sifiki. Siku moja sikufika. Sakafuni hapo! Katika nyumba yenye mkwe! Nilipangusa kwa koti langu kabla hajatoka. Nikasema, Mwandemele, utakufa kwa aibu kabla ya kufa kwa ugonjwa. Ndipo nikaleta kiti hapa. Na huyo msomaji nikamziba mdomo, maana angekwenda kusema huko kwenu kwamba mzee hajiwezi, mkaja na gari."

"Mficha maradhi, Mzee..."

"Kifo humuumbua, najua. Lakini mkwe wangu hajaniumbua." Uso wake ukang'aa. "Binti yule ana adabu, usione. Tangu nihamie hapa sijaona hata kivuli chake. Kutwa nzima! Kila siku namshukuru Mungu kwa ajili yake."

Hapa kulikuwa na watu wawili wanaougua sehemu moja, katika nyumba moja, kila mmoja akimwonea mwenzake haya, na katikati yao Tumwitike na siri mbili mkononi. Ya Lugano aliombwa asiitoe. Hakuwa na ruhusa ya kufungua mdomo. Kwa hiyo alizungumzia ile aliyoruhusiwa.

"Mzee, kisima kikizibwa, mvuke unakwenda wapi?"

"Unarudi nyuma. Unapasua bomba."

"Na mkojo ni hivyo hivyo. Ukibaki unarudi nyuma, unaoza, unakwenda kuua figo. Wewe una tezi dume, imevimba, inabana njia. Inatibika. Hakuna gari la kukupeleka bondeni. Huo ni ugonjwa wako mwenyewe, si kero ya mtu."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Ukikaa na mkojo mchana kutwa, hata ukiwa kijana, utaugua na kupona na kuugua tena."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Kisha kichwa kikasimama. Alikuwa msimamizi wa visima, na msimamizi wa visima akisikia mlio usio mahali pake hawezi kuuacha. Aligeuka taratibu akautazama mlango uliofungwa. Akautazama mlango wa choo. Akaitazama miguu yake mwenyewe, iliyonyooka katikati ya ukumbi.

"Mwanangu. Yeye huenda saa ngapi?"

Tumwitike hakujibu.

"Alipelekwa hospitali. Kijana aliniambia ni homa. Ni homa gani?"

"Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, Mzee."

Angeweza kusema sijui. Angeweza kucheka, akageuza maneno. Alinyamaza huku akijua kwamba kunyamaza kwake kunasema, na hakuwa na hakika kama ameitunza ahadi au ameivunja. Hakuwa na hakika hata baadaye.

Mzee Mwandemele alinyanyuka. Alikinyanyua kiti kwa mikono miwili.

"Unakwenda nacho wapi, Mzee? Hutafika chooni."

"Uani. Suruali inafuliwa, mwanangu. Mtoto wa watu hafuliwi." Alikipeleka mpaka mlango wa nje, akarudi. Akasimama akiutazama ukuta, mgongo kwenye ukumbi, na koti lake akalivuta mpaka juu ya kichwa. Halafu akasema kwa sauti kubwa, kwa namna ambayo mila inaruhusu, maneno yakipitia kwa mtu wa tatu ingawa mwenyewe anasikia:

"Daktari, mwambie aliyeko ndani kwamba njia iko wazi."

Tumwitike akaugeukia mlango. "Lugano, baba anasema njia iko wazi."

Sauti ndogo ikajibu nyuma ya mbao: "Mwambie baba, ndaga."

"Anasema ndaga, anashukuru, Mzee."

Mlango ukafunguka. Lugano alipita upesi, ameinama, kitenge kimemfunika uso, nyuma ya mgongo wa mzee aliyefunikwa koti. Mlango wa choo ukafungwa. Na wote wawili, daktari na mzee, wakasikia maji, yakaendelea, yakaendelea, mchana kweupe, siku ya Jumatano.

"Kumbe ni siku zote hizo," mzee alisema chini ya koti. "Kumbe nilikuwa namshukuru Mungu kwa hilo." Mabega yakaanza kumtikisika, akalia.

Lugano aliporudi chumbani, kioo cha mfukoni cha Tumwitike kilitetemeka. Punje ilikuwa imetuma: kibofu kitupu. Mizani ikaongeza kwa upole wake: siku ya hitilafu, imeondolewa kwenye hesabu. Sababu ya ugonjwa? Upasuaji ni kesho.

Alizitazama neva. Aliitazama nyumba. Hata sasa, akiandika nyumba, gari lingekuja. Mizani haikuwa na mahali pa kuandika kwamba kiti kimeshahama. Alifikiria stoo, na bandeji, na wawindaji wake ambao mtu mwingine angewalea ovyo. Akashuka mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo, akabonyeza: sijui. Duara likazima. Kidole chake hakikuwa chake tena.

Alipoinua macho, mzee alikuwa ameshavaa viatu na kofia.

"Twende hiyo zahanati kabla sijageuza mawazo," alisema. "Lakini ngoja kwanza."

Akaingia chooni. Wakasikia tepu ikibanduliwa, kisha kisomaji kikaamka kwa furaha ya kijinga: "Karibu, Mzee Mwandemele! Umepotea sana."

"Nyamaza wewe," mzee akakijibu.

Halafu tone. Kimya. Tone. Tumwitike alisimama ukumbini na mkoba wake. Nyuma ya mlango mwingine Lugano naye alikuwa amesimama. Kivuli cha miguu yake kilionekana chini ya mbao. Nyumba nzima ilikuwa inamngoja mtu mmoja amalize.

"Samahani jamani," mzee alisema kutoka ndani, kwa aibu. "Nawachelewesha."

Kivuli chini ya mlango kikasogea.

"Daktari," Lugano alisema, "mwambie baba asijiharakishe. Nitangoja. Nimeshazoea."

Chooni matone yakakoma. Kisha mzee akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni kilichogonga kuta zote za ukumbi, na Tumwitike hakuwa na haja ya kufikisha ujumbe.